Wito Usio na Neno

Mwanya ulikuwa umejaa. Ndivyo mambo yalivyoanza, kwa kitu kidogo ambacho mtu mwingine asingekitambua hata angesogeza sikio kwenye spika.

Bwana mmoja aliyejulikana mtaani kwa jina la Bendi alikuwa amepiga kipande kifupi cha gitaa, akakanyaga kisanduku chake kikirudie, kisha akaketi kusikiliza. Katikati ya kipande aliacha mwanya wa kimya, makusudi, mahali pa kuvuta pumzi. Kipande kiliporudi mara za kwanza, kimya kilikuwapo. Baadaye pale penye kimya pakasikika sauti moja, nzito na ndefu, iliyopanda kidogo mwishoni, halafu kipande kikaendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

“Ala!” akasema Bendi, akakanyaga kuzima.

Hakuogopa. Alikasirika, maana siku hizo alikuwa mtu wa kukasirika. Zamani alipiga katika bendi ya kweli, yenye ngoma na matarumbeta, na ikavunjika kama zinavyovunjika bendi nyingi, kwa maneno. Yeye akabaki na gitaa lake la tumbo la mbao, spika yenye tundu, na kile kisanduku cha mguu. Ukikikanyaga kinanasa unachopiga, ukikikanyaga tena kinakirudia bila kuchoka, nawe unaongeza tabaka jingine juu yake, na jingine, mpaka mtu mmoja anasikika kama kumi. Ndiyo sababu ya jina. Wala hakupiga nyimbo. Alipiga chochote kilichomjia, polepole, sauti zikivutana na kuelea bila mwanzo wala kiitikio, na alipoulizwa ni muziki gani huo alijibu kwamba ni wa kukaa ndani yake, si wa kuchezwa. Hapo ndipo watu walipomwacha njiani.

“Shemeji,” kaka wa mkewe alimwuliza siku moja, baada ya kuvumilia muda mrefu kwa heshima, “huu wimbo utaanza lini?”

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Bendi naye alicheka, lakini usiku ule hakula.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule katika chumba cha mbele, na Bendi alipiga katika chumba cha nyuma, pazia tu likiwatenganisha. Mtoto wao mmoja, wa kike, hajaanza shule, alishinda chini ya meza ya kukatia akicheza na vipande vya kitambaa. Walimwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake. Aliongea tangu macho yalipofunguka hadi yalipofumba, na asipopata wa kuongea naye aliwasimulia vifungo.

Siku ile mwanya ulipojaa, Chiriku alichungulia kwenye pazia.

“Baba, nani anakuitikia?”

“Nani ananiitikia wapi?”

“Humo. Wewe unaita, yeye anasema naam.”

“Nenda kacheze, mama.”

Akakipeleka kisanduku kwa fundi redio. Fundi akakifungua, akakichokonoa, akakifunga, akasema chombo hicho ni kizima kuliko yeye mwenyewe. Bendi hakuridhika. Akachomeka gitaa palepale, katikati ya redio zilizotolewa matumbo, akapiga kile kipande na kukiacha kizunguke. Fundi alikuwa mtu wa kupiga miayo kila Bendi anaposhika gitaa, na mwayo ulikuwa njiani. Sauti ikaja kwenye mwanya. Mwayo ukakatika.

“Hapo,” fundi akasema taratibu. “Hapo umepatia, ndugu yangu.”

“Hapo sijapiga kitu!”

“Basi usipige kitu zaidi.”

Hebu fikiria. Umekaa na gitaa miaka, vidole vimeota sugu, na siku unaposifiwa kwa mara ya kwanza unasifiwa kwa pale ulipoondoa mkono. Bendi alikusanya nyaya zake kwa hasira. Alipofika mlangoni akageuka kuuliza kama anaweza kukiacha kisanduku kikaangaliwe vizuri kesho. Fundi alikuwa amesimama mbali na meza, akinusa hewa.

“Hapana,” fundi alisema kwa sauti ya chini. “Hicho nenda nacho. Kisilale kwangu.”

Kilichomwudhi zaidi Bendi ni kwamba fundi alisema kweli. Sauti ile ilikuwa nzuri. Ilikuwa na uzito ambao yeye hakuwahi kuupata, na ilipoingia, kila kitu alichokipiga kikapata maana. Akakirekodi kipande, akakituma kwa msimamizi wa ukumbi, yule yule aliyemkataa kila alipobisha hodi. Jibu lilirudi kabla chai haijapoa. Aje Jumamosi. Watu wataketi, taa zitapunguzwa, na saa nzima itakuwa yake. “Ila ile sauti ya chini,” msimamizi aliandika, “usije bila hiyo.”

Bendi alisoma ujumbe ule akicheka na kutukana kwa pamoja. Kisha akaenda kuita.

Aliita asubuhi, aliita mchana. Sauti ilikuja mapema zaidi kila siku, na ilikuja na harufu, ile ya nyuzi zenye kutu zikishikwa na mkono wa jasho, ikapenya kwenye pazia na kukaa kwenye sare. Mkewe alifungua madirisha, haikutoka. Halafu cherehani ikaanza visa. Alishona mfuko wa shati, akakata uzi, akachukua shati jingine, na alipotazama vizuri lilikuwa shati lile lile, mfuko ule ule, umepigwa mishono mitatu mahali pamoja, na yeye hakukumbuka hata mmoja.

“Baba Chiriku,” aliita kupitia pazia. “Huo muziki wako unanizungusha.”

“Ndivyo ulivyo, unazunguka.”

“Sikutanii. Nimeshona mfuko mmoja mara tatu.”

“Umechoka tu. Jumamosi ikipita nitapumzika, nawe utapumzika.”

Mkewe akachukua wembe akaanza kuifumua mishono, maneno yake akiyaweka akiba.

Alhamisi mchana, jua likiwa utosini na mtaa mzima umejifungia ndani kwa joto, Chiriku alitoka chini ya meza, akaenda mlangoni, akashika kitasa, akarudi.

“Mama, kile kifungo chekundu kimeniambia kina njaa.”

“Kipe uji,” mama yake akajibu bila kuinua macho.

Mtoto akarudi chini ya meza, akatoka tena, akaenda mlangoni, akashika kitasa. “Mama, kile kifungo chekundu kimeniambia kina njaa.” Mama akatabasamu. Mtoto akarudi, akatoka, akashika kitasa. “Mama, kile kifungo chekundu kimeniambia.” Mama akainua macho. Mtoto akarudi chini ya meza, akatoka. “Mama, kile kifungo.” Uso wake haukuwa na mchezo wala hofu wala chochote, macho ameyakodolea mahali ambapo hapakuwa na kitu, na kila alipozunguka sentensi yake ilipungua neno, ikapungua tena, huku nyuma ya pazia gitaa likizunguka kwa mwendo ule ule na hatua za mtoto zikiliangukia sawasawa, mlango, kitasa, meza, mlango, kitasa, meza, mpaka mama yake alipomkamata kwa mabega na kumwinua, naye hakupiga teke wala hakulia, alining'inia tu mikononi huku miguu yake ikiendelea kutembea hewani, na muziki ulipofika kwenye mwanya mdomo wake ukafunguka na kutoa sauti nzito, ndefu, iliyopanda kidogo mwishoni, ambayo haiwezi kutoka kwenye kifua cha mtoto.

“Naam.”

“Zima!” mama alipiga kelele. “Zima hicho kitu!”

Bendi akang'oa waya ukutani. Spika ikanyamaza, lakini muziki haukunyamaza. Uliendelea mle chumbani, mdogo, wazi, bila kutoka popote, na kila ulipofika kwenye mwanya mtoto aliitika.

Mganga alikuja jioni ile ile, mwanamke mfupi mwenye shavu lililovimba kwa jino, amelishika kwa kiganja, na hasira zake zote zimo usoni. Hakuwasha kitu wala hakunyunyiza kitu. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, akamtazama mtoto akizunguka, akasikiliza muda mrefu.

“Nani kaita?” akauliza.

“Hakuna aliyeita,” Bendi alijibu kwa kunong'ona. “Nilikuwa napiga gitaa tu. Nabahatisha.”

“Ndiyo hivyo. Hawa wasioonekana, kila mmoja ana wito wake, wewe katika kuokotaokota umeuokota wa huyu. Ungepiga mara moja ukaacha, angedhani kasikia vibaya. Lakini wewe una chombo kinachoita asubuhi mpaka jioni! Kaja, kasema naam. Ukamwita. Kasema naam. Ukamwita tena. Hata mimi ningekasirika.”

“Na mwanangu kafanya nini?” mke akauliza.

“Mtoto kasikia mtu anaitwa, naye ana adabu mliyomfunza, kaitika. Sasa wako wawili mlangoni, hawaambiwi waingie wala waondoke. Wanazunguka.” Mganga alilibonyeza shavu, akafumba macho kwa maumivu. “Watu husema kataa neno, usikatae wito. Huyu wito hakuukataa. Neno liko wapi? Ulimwitia nini?”

“Sikumwitia kitu.”

“Usinidanganye, jino linaniuma. Hawaji kwa vidole peke yake. Ulikuwa unataka nini ulipopiga?”

Bendi alitazama sakafu. Chiriku alipita mbele yake, akashika kitasa, akarudi.

“Nilitaka mtu anisikilize,” alisema mwishowe. “Basi. Mtu mmoja akae, asipige miayo, asiulize utaanza lini. Anisikilize.”

Mkewe alikuwa amemsikiliza miaka yote kupitia pazia, na hakuna aliyemhesabu.

“Vizuri,” mganga akasema. “Huyo kakusikiliza. Sasa mwambie hulitaki tena jambo hilo, akuache. Lakini litoke moyoni. Wao hawasikii mdomo.”

Ilikuwa kazi rahisi. Mtoto wake alikuwa akitembea mbele ya macho yake kama kitu kilichotiwa ufunguo. Bendi alifungua mdomo, na kabla neno halijatoka aliiona Jumamosi: taa zilizopunguzwa, watu wameketi, kimya chao chote kimeelekezwa kwake. Muziki ukazunguka mara moja nzima. Chiriku akapita.

“Baba Chiriku,” mkewe alisema polepole sana. “Unafikiria?”

Hakuna bakora inayouma kama swali lile. Aibu ilimpanda Bendi mpaka masikioni, na ni aibu hiyo iliyosema kwa niaba yake, kwa pupa, kwa kupitiliza, kama mtu anayelipa mara mbili ili asionekane bahili.

“Sitaki kusikilizwa! Sitaki anisikilize yeye wala mtu yeyote! Nirudishie mwanangu!”

Mganga aliondoa mkono shavuni. “Hilo la mtu yeyote,” alisema, “mimi sikukutuma.”

Muziki ulizunguka mara moja zaidi, ukafika kwenye mwanya, na mwanya ulikuwa mtupu. Ile harufu ikaondoka ghafla kama mtu aliyekumbuka safari. Chiriku alisimama katikati ya chumba, akatazama mikono yake, akavuta pumzi, na maneno yakamtoka kama maji kwenye bomba lililopasuka: kifungo chekundu, njaa yake, mjomba wake, jino la yule mama, mbona analia mama, mbona analia baba. Walimshika wote wawili na kumwacha aongee. Mganga akakitia kisanduku kwenye kikapu chake, akafunika kwa khanga, akaenda zake bila kuaga.

Ijumaa ilikuwa shwari. Mkewe alishona, na mifuko ikakaa ilipotakiwa. Jioni Bendi aliingia chumba cha nyuma, akachukua gitaa tupu, bila kisanduku, bila waya. Alifikiri labda kesho aende ukumbini hivyo hivyo, na vidole vyake tu, wapende wasipende. Akaanza kupiga. Alikuwa hajapiga vizuri namna ile tangu enzi za bendi. Sauti zilitoka pana, zikakaa hewani, zikaitana zenyewe, naye akafumba macho.

“Baba Chiriku,” mkewe aliita kutoka chumba cha mbele. Sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu aliyekwisha kusamehe. “Mbona umekaa humo kimya? Piga basi. Mimi nimeshauzoea muziki wako, nyumba imepooza.”

Bendi alidhani anamtania. Akapiga kwa nguvu zaidi.

Chiriku akaja, akapita chini ya pazia, akasimama mbele yake akimtazama mikono. Akasogea, akaweka kiganja kwenye tumbo la gitaa.

“Linatetemeka,” alisema kwa mshangao. “Baba, mbona linatetemeka na halisemi?”

“Unasikia hii?” baba yake akapiga nyuzi zote kwa pamoja. “Na hii je? Mwanangu, hii husikii?”

Mtoto aliinamisha kichwa, akajitahidi, kwa sababu alimpenda baba yake. Kisha akachoka, akakimbilia kwa mama yake kumweleza kwamba baba anakuna gitaa.

Bendi aliendelea kupiga hadi vidole vikatoka damu. Upande wa pili wa pazia mkewe alingoja kidogo, akangoja tena, halafu akaanza kuimba peke yake ili nyumba isiwe kimya mno.