Ndizi za Bibi Kwenye Mchanga wa Moto

Haya, sogeeni karibu. Mwenye kidole mdomoni akitoe, maana leo tunakwenda mbali.

Tusekile ni mtoto wa Tukuyu, kwenye mvua nyingi na migomba mingi. Ana miaka sita, na meno ya mbele hana.

Mama yake yuko Aislandi. Ni nchi ya baridi, mbali sana huko kaskazini. Amekwenda kusomea mvuke unaotoka ardhini, ule wa kutengenezea umeme.

Mama aliondoka mahindi yakiwa machanga. Sasa mahindi yameshavunwa na kuliwa, na Mama hajarudi. Tusekile amemkumbuka mpaka tumbo linamuuma.

Leo Tusekile na Baba wamepanda ndege kwenda kumwona. Tusekile amepakata kikapu. Ndani mna ndizi mbichi, zimefungwa kwa jani la mgomba. Zimetoka kwa Bibi.

"Mpikie mama yako, azile zikiwa za moto," Bibi alisema. "Zikipoa, salamu zangu nazo zimepoa. Na usimwambie mpaka ziive."

Kwa hiyo Tusekile hakusema. Alikishika kikapu kwa mikono miwili, safari nzima.

Walipofika, Mama alikuja mbio. Akamkumbatia Tusekile mpaka kofia ikadondoka.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Marahaba, marahaba." Mama alikuwa analia na kucheka kwa pamoja.

Nyuma ya Mama alisimama mwanamke mrefu mwenye nywele nyeupe. Huyo ni Bi Ragna, mwenye nyumba anayokaa Mama. Ndiye aliyekuja na gari.

"Shikamoo," Tusekile akamwambia.

Bi Ragna akatabasamu, akanyamaza. Tusekile akasubiri marahaba. Akasubiri, wapi.

"Amenikasirikia?" akanong'ona.

"Hapana," Mama akasema. "Huku hakuna shikamoo. Hajui aitikie nini."

Tusekile akajikuna kichwa. Kuri, kuri, kuri.
Nchi gani hii?

"Mmechoka na safari," Mama akasema. "Twendeni kwanza tukaoge."

Wakaingia garini. Nje hakukuwa na mti hata mmoja. Kulikuwa na mawe meusi tu. Na katikati ya mawe, moshi mweupe ulikuwa unapanda.

Fuuu. Fuuu.

"Nani anapika?" Tusekile akauliza.

"Hakuna anayepika," Mama akasema. "Huo ni mvuke. Chini kuna maji ya moto, na ardhi inapumua."

Kisha ikaja harufu. Harufu ya yai lililosahauliwa kabatini. Tusekile akamgeukia Baba.

"Si mimi," Baba akasema.

"Ni ardhi," Mama akasema huku anacheka.

Tusekile akajikuna kichwa. Kuri, kuri, kuri.
Nchi gani hii?

Wakafika kwenye ziwa. Kando yake kulikuwa na nyumba ya kuogea, na mchanga mweusi unaotoa mvuke. Bi Ragna akashuka na sufuria yenye mfuniko. Akachukua beleshi. Akachimba shimo mchangani, akaiweka sufuria ndani, akaifukia.

"Mama, anazika sufuria."

"Ndani mna unga wa mkate uliokandwa. Mchanga huu ni wa moto. Ndio jiko lake. Mkate utalala humo mpaka kesho, utaamka umeiva."

Bi Ragna akaweka jiwe juu, ili asisahau mahali. Halafu yeye na Mama wakatangulia kwenda kuchukua taulo.

Tusekile akaliangalia jiwe. Akakiangalia kikapu. Akamvuta Baba suruali.

"Baba. Jiko."

Baba naye akakiangalia kikapu. Akatabasamu mpaka masikioni.

"Wewe simama kule," akasema. "Mchanga huu unaunguza." Akalichukua beleshi, akaenda mbali na jiwe la Bi Ragna. Chaka, chaka, chaka. Ndizi zikaingia shimoni na jani lake. Chaka, chaka, chaka. Zikafukiwa.

"Mimi nimechimba," Baba akasema. "Alama weka wewe."

Tusekile akatafuta jiwe. Hakuliona la karibu, na Mama alikuwa ameshaanza kuita. Mara mvuke mrefu ukapanda pale pale. Fuuu.

"Alama yangu ni mvuke huu," Tusekile akasema, akakimbia.

Enhe. Wewe unayecheka hapo nyuma, nyamaza. Usimwambie.

Ndani ya nyumba, Mama akafungua bomba na kumpa Tusekile sabuni.

"Oga vizuri, kichwa, makwapa na miguu. Ndiyo sheria ya hapa. Ukimaliza tunakwenda kuoga."

Tusekile akasimama na povu puani. "Tunaoga ili tukaoge?"

"Ndiyo, mama."

"Tukimaliza kuoga kule, tutarudi kuoga?"

"Ndiyo, mama."

Tusekile akajikuna kichwa, pamoja na povu lake. Kuri, kuri, kuri.
Nchi gani hii?

Wakatoka nje. Upepo ulikuwa wa baridi kama Tukuyu mwezi wa saba. Wakakimbia pekupeku, pata, pata, pata. Wakaingia majini, chubwi.

Maji yalikuwa ya moto. Moto mtamu, kama chai iliyoanza kupoa. Mabega yakalegea na tumbo likaacha kuuma. Ila masikio yalibaki nje, na masikio yaliganda.

Watu walikuwa wamejaa majini. Hakuna aliyejisugua, hakuna aliyefua. Walikaa tu wanapiga soga, maji shingoni.

"Wanaoga saa ngapi?" Tusekile akauliza.

"Ndiyo wanaoga hivyo," Baba akasema. Naye alikuwa ameshafumba macho.

Tusekile akaegemea bega la Mama. Alitamani kumwambia siri. Ilimfika kwenye ulimi, akaimeza. Subiri ziive, Bibi alisema.

Baadaye wakatoka, wakaoga tena, wakavaa makoti.

"Nina njaa jamani," Mama akasema.

Hapo Tusekile akacheka kwa pengo lake lote. "Mama, njoo. Njoo uone."

Akakimbia mpaka mchangani. Akatafuta mvuke wake mrefu.

Kulikuwa na mvuke kushoto. Fuuu. Kulikuwa na mvuke kulia. Fuuu. Kulikuwa na mvuke mbele na nyuma, na wote ulikuwa mrefu. Upepo ulivuma, mvuke ukahama. Upepo ulitulia, mvuke ukarudi penginepo.

Alama yake ilikuwa inatembea.

"Baba, tulichimba wapi?"

Baba akaangalia huku, akaangalia kule. Akajikuna kichwa. Kuri, kuri, kuri. "Mchanga wote unafanana," akasema.

Tusekile akaanza kulia. Alilia kwa sauti, kama mtu aliyepoteza kitu cha kweli.

"Ndizi zako, Mama. Bibi alikupa. Ule zikiwa za moto. Nimezipoteza."

Mama akachuchumaa. "Ndizi za nyumbani?"

"Na jani lake. Na salamu zake."

Mama akamvuta karibu. Akamfuta Tusekile machozi, na yeye mwenyewe akasahau kujifuta.

Bi Ragna akaja na beleshi. Lakini achimbe wapi? Mchanga ulienea kote, na ulikuwa unaunguza.

Tusekile akavuta kamasi. Snif. Akavuta tena. Snif, snif.

Yai. Yai. Yai.

Akasogea kidogo, Mama akiwa amemshika mkono. Snif, snif. Yai. Yai.

Akasogea tena. Snif.

Hapana. Hili si yai. Hii ni harufu ya jikoni kwa Bibi, jani la mgomba likipata moto.

"Mama, nusa."

Mama akanusa. Akafumba macho, akanusa tena kwa nguvu. "Hapa," Mama akasema. "Hapa hapa."

Bi Ragna akachimba. Chaka, chaka, chaka. Beleshi likainua furushi lililokuwa kijani, sasa limekuwa la kahawia. Mvuke ukatoka. Fuuu.

Mama akalifungua. Akamenya ndizi moja, vidole vikiungua, "usss, usss." Akauma.

Tusekile alimwangalia mdomoni. "Za moto?"

"Za moto, mwanangu. Za moto kabisa." Mama akatafuna polepole. "Salamu za Bibi zimefika."

Tusekile akapiga makofi.

Akachukua ndizi nyingine, akampa Bi Ragna kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa. Bi Ragna akaigeuza. Akainusa. Akauma kidogo, akatafuna, akaangalia juu.

Kisha Bi Ragna akajikuna kichwa. Kuri, kuri, kuri. Akasema neno kwa lugha yake.

"Amesema nini?" Tusekile akauliza.

Mama akacheka mpaka akashika ubavu. "Anauliza, chakula gani hiki?"

Wakala mpaka likabaki jani tupu. Wakarudi nyumbani kwa Bi Ragna, na Tusekile akawekwa kitandani. Lakini dirishani jua lilikuwa bado linawaka.

"Mama, sasa ni usiku?"

"Ni usiku."

"Mbona jua halijaambiwa?"

"Huku wakati wa joto jua halilali mapema," Mama akasema. Akavuta pazia zito. "Kwetu usiku unaanza giza likiingia. Huku unaanza mama akisema lala."

Tusekile akataka kujikuna kichwa. Akaona uvivu.

Bi Ragna akachungulia mlangoni. Mama akamnong'oneza jambo sikioni.

"Shikamoo," Tusekile akasema, macho yamefumba nusu.

"Ma-ra-ha-ba," Bi Ragna akaitikia.

Tusekile akatabasamu. Akauvuta mkono wa Mama, akauweka shavuni. Ulikuwa bado unanukia jani la mgomba.

Nje, ardhi ikapumua. Fuuu.
Ndani, Tusekile naye. Fuuu.