Pikipiki ya Mwisho wa Dunia

Wazazi wenzangu, kulikuwa na boma moja juu kidogo ya Nkubu ambalo ukilipita asubuhi ungetamani kuwa jirani. Kahawa ilikuwa imepaliwa, ng'ombe wa maziwa alikuwa akicheua zizini, na mlangoni mwa jikoni Karwirwa alikuwa akimvalisha binti yake Makandi sweta ya shule. Kiambi, baba wa mtoto, alikuwa akipangusa umande kwenye kiti cha pikipiki. Alifunga debe la maziwa kwenye keria, akampakia Makandi, wakateremka polepole huku mbwa wao akiwabwekea mpaka mnyororo ukamzuia.

Pikipiki ile haikuwa ya Kiambi peke yake. Ilinunuliwa Karwirwa alipokubali kuuza mtamba aliyepewa na mama yake, na alikubali kwa sababu moja tu. Makandi alikuwa na pumu. Mwezi wa Julai, ukungu unaposhuka kutoka mlimani na kukaa siku nzima, kifua chake kilibana, na hospitali ya Nkubu si mbali kwa mwenye gurudumu, lakini ni mbali sana kwa mama anayekimbia na mtoto mgongoni.

Nesi aliwapa pampu ya dawa pamoja na chupa ya plastiki yenye kinyago kidogo cha kufunika pua na mdomo. Mtoto hawezi kuvuta dawa ya pampu peke yake. Hutiwa ndani ya chupa, naye akaipumua taratibu. Chupa ile ilitundikwa kwenye msumari kando ya kitanda. Kinyago chake kilikuwa na alama za meno ukingoni, maana Makandi alikuwa na tabia ya kukitafuna akingoja dawa iingie.

Basi siku moja, Kiambi akiwa stejini anangoja abiria, alionyeshwa video kwenye simu. Watu waliovaa matambara na vyuma walikuwa wakiendesha pikipiki zenye kutu katikati ya jangwa, eti dunia imekwisha na wao ndio waliobaki. Mwenye akili angecheka, akarudisha simu ya watu, akatafuta abiria. Kiambi aliitazama tena na tena, kisha akageuka kuiangalia pikipiki yake jinsi mwanamume mpumbavu anavyomwonea mkewe aibu mbele ya wageni.

Alianza kwa kung'oa madigadi, yale mabati ya kuzuia matope ya magurudumu. Vioo vya pembeni vikafuata, na taa ya mbele ikatolewa ili pahali pake pakae fuvu la mbuzi. Sailensa aliikata, ikawa inapasua masikio ya kijiji kizima. Debe tupu haliachi kuvuma. Halafu akaenda kwa fundi wa kuchomelea vyuma, akataka tangi limwagiwe maji ya chumvi mpaka lishike kutu. Hebu fikirini jambo hilo. Sisi hapa tunapaka mabati rangi, tunapaka majembe grisi, tunapigana na kutu mpaka tunazeeka, na kuna mtu anayemlipa fundi amletee kutu nyumbani!

Mutugi, jirani yake aliyeegesha naye stejini, alimwuliza, "Kiambi, hii jangwa unaenda ni ya wapi? Si huku kwetu ni matope tu?"

"Wewe beba kabichi na hiyo mwamvuli yako," Kiambi akajibu. "Dunia ikiisha utanitafuta."

"Dunia ikiisha, mimi nitakuwa nimebeba mtu," Mutugi akasema, akaondoka na abiria wake.

Nyumbani, Karwirwa alikuwa akiona vitu vyake vikiondoka kimoja kimoja. Vifuniko vya sufuria viligeuka kuwa mabega ya chuma ya kuvaa kama wale watu wa kwenye video. Tairi kuukuu lililozuia mlango wa zizi lilikatwa vipande vya kufunika magoti. Mbwa alianza kuzurura na kula mayai ya majirani, kwa kuwa mnyororo wake sasa ulikuwa umezungushwa kifuani mwa bwana mkubwa. Yote hayo Karwirwa aliyavumilia, akajiambia kwamba wanaume wengine hulewa, afadhali huyu anacheza. Lakini jioni moja alirudi kutoka kuchuma kahawa, akaona kitu kilichomfanya atue kikapu chini.

"Baba Makandi, kiti ya nyuma iko wapi?"

"Nimekata. Hizi mashine hazikuangi na kiti ya nyuma." Pahali pa kiti alikuwa amechomelea safu ya vyuma vilivyochongoka, na alikuwa akivipiga picha.

"Na keria ya maziwa?"

"Pia."

"Na mtoto akishikwa na kifua?"

"Si boda zimejaa hapa nje? Wewe mama, unaangalianga tu vitu ndogo ndogo. Mimi hapa najenga jina. Juzi watu wamelike hiyo picha mpaka simu ikawa moto."

Karwirwa alitaka kumuuliza kama mtoto hupumua kwa hizo like, lakini aliinua kikapu chake akaingia jikoni. Tangu siku hiyo alibeba maziwa kichwani mpaka kwenye lori la wakulima, na Makandi akaenda shule kwa miguu, akipumzika njiani kila alipofika kwenye mlima.

Haikupita wiki, chupa ya dawa ikatoweka kwenye msumari. Karwirwa alitafuta chini ya kitanda, jikoni, hata kwenye nyasi za ng'ombe. Alimuuliza Kiambi, ambaye alikuwa ameketi uani akipaka kitu rangi nyeusi mgongo ukiwa umegeukia mlango.

"Labda amecheza nayo akatupa huko kwa kahawa," Kiambi akasema bila kugeuka.

"Sikuichukua, mama," Makandi akasema. "Haki sikuichukua."

Karwirwa alikuwa amechoka, na mwenye hofu hukasirika upesi. Alivunja kijiti, akamchapa mtoto miguuni kwa kupoteza kitu kinachomweka hai na kwa kusema uongo juu yake. Kiambi alisikia kila kiboko. Alisikia pia kile kilio cha mtoto anayelia na kukohoa pamoja. Akapulizia rangi ikauke.

Sitasema zaidi juu ya mwanamume huyo hapa. Kila mmoja wenu ana jina lake la kumwita.

Ilifika Jumamosi moja ya Julai. Embu kulikuwa na maonyesho ya pikipiki za aina aina, na Kiambi alikuwa ameyangoja kama bwana arusi. Alijifungia kwenye kibanda cha kahawa kuvaa. Nje ukungu ulikuwa mzito, huoni zizi kutoka jikoni. Karwirwa alikuwa akikoka moto aliposikia sauti aliyoijua, ule mluzi mwembamba wa kifua kinachobana. Makandi alikuwa amekaa kitandani, mikono magotini, mabega yakipanda na kushuka, midomo ikianza kupauka.

Karwirwa alishika pampu, akamwekea mdomoni akabonyeza. Dawa ilitoka puani na mdomoni kama moshi. Akajaribu tena, ikawa vile vile. Akambeba mtoto, akatoka mbio akiita, "Baba Makandi! Mtoto anakufa!"

Mlango wa kibanda ukafunguliwa, na kitu kikatoka. Kilikuwa na pembe za fahali kichwani, vifuniko vya sufuria mabegani, mnyororo wa mbwa kifuani na miwani ya kuchomelea. Mdomo na pua vilifunikwa na kinyago cheusi chenye mipira miwili iliyoning'inia kama mkonga wa tembo. Sauti ya Kiambi ilitoka humo ndani kwa mbali, "Nini tena?"

Karwirwa alikuwa amefungua kinywa kumjibu, lakini macho yake yalitua kwenye ukingo wa kile kinyago. Chini ya rangi nyeusi zilionekana alama ndogo za meno.

Alinyoosha mkono, akakinyofoa usoni pake kwa nguvu mpaka miwani ikaanguka. Lakini kilikuwa kimekatwa kutoka kwenye chupa na kutobolewa matundu pande zote mbili ili mipira ipite, na kilinuka rangi. Hata mtu mzima mwenye mapafu mazima kingemkohoza. Alikitupa matopeni, akaitazama pikipiki, akaona vile vyuma vilivyochongoka pahali pa kukaa mtoto wake. Akaanza kukimbia kuteremka barabarani.

Mungu hamwachi mja wake. Mutugi alikuwa kwenye lango la jirani, amepakia magunia ya kabichi. Hakuuliza swali. Alikata kamba, kabichi za watu zikabingirika mpaka mtaroni, akamwambia Karwirwa, "Panda, mama. Mshike hivyo akae wima." Aliwasha taa, akashika njia ya Nkubu, na madigadi yake yakazuia matope yote.

Kiambi naye aliwafuata. Bila taa hakuona kona, na matope yaliyorushwa na gurudumu la mbele yakamziba macho. Aliingia mtaroni, katikati ya kabichi, akatoka humo mwekundu kwa matope toka pembe hadi viatu. Alipofika hospitalini, askari wa langoni alimsimamisha.

"Wewe, sarakasi ni wapi?"

"Niko na mtoto hapa ndani."

"Toa hizo pembe kwanza."

Pembe zilitoka. Mabega hayakutoka, kwa kuwa aliyafunga kwa waya na koleo alikuwa ameliacha nyumbani. Akaingia wodini vyuma vikigongana kila hatua, na mtoto mmoja akapiga yowe na kujificha nyuma ya nyanya yake.

Makandi alikuwa amelazwa, kinyago safi cha hospitali usoni, hewa ikiingia. Daktari alikuwa amemwambia Karwirwa kwamba wangechelewa kidogo tu, angekuwa anasema naye maneno mengine. Mtoto alimwona baba yake amesimama miguuni pa kitanda. Akakisogeza kinyago kando kwa vidole viwili.

"Mama," akasema kwa sauti ya kukwaruza, "umeona sasa? Si mimi niliipoteza."

Karwirwa aliinamisha kichwa kwenye blanketi, akalia. Kilichomliza ni ile miguu midogo aliyoichapa. Alipoinua uso alimwambia mumewe, "Mwambie mtoto ni nani alichukua."

Kiambi alitazama sakafu, akatazama vifuniko vyake. "Mimi nilitaka tu... ile mask ikae ya ukweli," akasema.

Mama aliyekuwa na mgonjwa kitanda cha pili alicheka kwa uchungu, akapiga makofi mara moja. "Ngai! Na huyu ni baba ya mtu!"

Makandi alipona. Siku ya kutoka, kaka yake Karwirwa alikuja na pikapu, akawachukua yeye, mtoto na ng'ombe, akawapeleka kwao Ruiri, ambako ukungu haukai. Kiambi alibaki na boma, na mbwa asiye na mnyororo, na pikipiki. Hakuna abiria anayeweza kuipanda, na mnunuzi hajapatikana. Imeegemezwa kwenye mti, mvua inainyeshea, na kutu ya kweli imeota juu ya ile aliyolipia.

Funzo

Si kosa kijana kupenda pikipiki, wala si kosa kuunda kitu kwa mikono yako watu wakakishangaa. Kosa la Kiambi ni kwamba alijipamba kwa vyombo vya watu wa nyumba yake, halafu akanyamaza mtoto akipigwa kwa wizi wake. Nyumba njema si mlango. Sifa za barabarani hazimlishi wala hazimtibu aliye ndani. Mzazi, kabla hujajiandaa kwa mwisho wa dunia, jua mtoto wako ameamkaje leo.

Nasi tunaoshika kijiti upesi, tumsikilize mtoto kwanza. Makandi alisema kweli tangu siku ile ya kwanza, na katika boma lile zima hapakuwa na mtu mzima aliyemsikiliza.