Kizibo Kwenye Rimoti

Ilianza na mlio tu. Jumatatu, saa saba mchana, Gwalugano alikuwa ofisini kwake karibu na mpaka wa Tunduma, ameinamia makaratasi ya malori yanayovuka kwenda Nakonde, mara akasikia gari lake huko nje linalia: twi, twi. Mlio mmoja ni kuloki, miwili ni kufungua. Akapapasa mfuko wa suruali, akakuta rimoti imebanana na rundo la funguo za ofisi, akacheka peke yake. Alijua kwamba alipoinama alikandamiza kitufe bila kukusudia. Akaloki tena, akaendelea na kazi.

Nani asingecheka? Hata mimi ningecheka. Ila Jumanne saa saba likalia tena, na Jumatano saa saba, na hiyo Jumatano Gwalugano alikuwa amesimama wima, mikono yote miwili iko mezani.

Simsemi vibaya. Ni mtu wa watu, kwao Ileje, wakala wa forodha ambaye hata Wazambia wanamwamini, mume wa Nesta na baba wa mtoto mmoja tu, Ikupa, waliyempata baada ya miaka tisa ya kungoja na kuombewa. Ikupa ana miaka sita, na ndiye roho yao. Lakini Gwalugano ni mbishi jamani, na kwake kila jambo lina sababu ya kifundi. Akaamua adui yake ni kitufe, basi akaanza vita na kitufe.

Alihamishia rimoti mfuko wa shati, gari likafunguka. Akainunulia kava gumu la ngozi, likafunguka. Akaitia kwenye kopo la dawa ya viatu, kopo akalifungia kwenye droo, na saa saba ilipofika gari likalia twi, twi, vioo vyote vinne vikashuka vyenyewe na vumbi la malori likajaa ndani. Ndipo akaenda kwa Edson, fundi wa simu na rimoti jirani na stendi. Edson akatwaa kizibo cha soda, akakibandika kwa supagluu juu ya kitufe cha kufungulia, kikakaa kama kofia. Akamhakikishia kwamba sasa hata ng'ombe akiikalia haitabonyezeka. Mlango atakuwa anaufungua kwa ule ufunguo wa chuma unaochomolewa kwenye rimoti. Gwalugano akarudi nyumbani kifua mbele.

Nesta ndiye aliyeona kiti. Asubuhi moja alikuwa anafuta vumbi ndani ya gari, akakuta kiti cha nyuma upande wa kushoto kina doa jeupe lililokauka na kukakamaa. Akaligusa, akalamba ncha ya kidole. Ilikuwa chumvi. Mumewe akasema ni ule mfuko wa chumvi aliotoka nao Ivuna, utakuwa umevuja. Nesta akamkumbusha kuwa mfuko ulikaa kwenye buti. Halafu doa lenyewe lilikuwa na umbo: mapaja mawili na mgongo. Akalisugua kwa sabuni likatoka, na kesho yake akalikuta tena, bichi, linanuka kama chungu cha maji ya chumvi kilichoungulia motoni.

Hapo inabidi niseme habari ya Ivuna, maana ndiko alikolikoroga. Siku chache kabla ya ule mlio wa kwanza alikwenda huko kumzika baba wa mfanyakazi mwenzake, na kabla ya kurudi akapita kwa akina mama wanaochemsha chumvi. Wale wana utaratibu wao. Jua likifika utosini wanafunika kila chungu chenye kitu, na kila kilicho kitupu wanakipindua kinywa chini, hata kikombe cha kunywea maji, kwa sababu kwao kitu kitupu kilichoachwa wazi saa saba ni nyumba iliyotolewa bure. Gwalugano alikaa kivulini anakula muhogo, gari tupu liko juani, na kila alipojigeuza rimoti ilibonyezeka mfukoni, gari likawa linafunguka na kulia. Roda, mama mtu mzima anayewaongoza wale wachemshaji, alimsihi mara mbili akalifunge. Gwalugano akamjibu kwa upole tu kwamba huku hakuna wezi, akachukua namba yake ya simu kwa ajili ya kuagiza chumvi siku nyingine, akaondoka zake.

Sasa ikaja zamu ya mtoto. Kila wakipanda gari Ikupa alijibana dirisha la kulia, hata ukimwita katikati haji. Siku moja Nesta akataka kuweka kapu la nyanya kwenye kile kiti cha kushoto.

"Mama, usiweke hapo," Ikupa alisema kwa sauti ya chini. "Unamwekea magotini."

"Nani?"

Mtoto akamtazama mama yake, akatazama kiti, akazidi kujibana dirishani. Nesta alishika lile kapu mikononi mpaka nyumbani, na njia nzima hakugeuka nyuma.

Alimwambia mumewe jikoni, kwa kunong'ona, utadhani gari lilikuwa na masikio. Gwalugano hakukataa waziwazi, ila alisema Tunduma imejaa magari yanayosubiri kuvuka, rimoti zinaingiliana, ngoja Edson aangalie tena. Akaenda kesho yake, ilikuwa inakaribia saa saba. Edson akaigeuza rimoti, akafungua mgongo wake, akatoa betri ile bapa na kuiweka mezani, akaanza kumweleza mteja wake kwamba bila betri hiki ni kipande cha plastiki tu, na kabla hajamaliza, gari lililokuwa ng'ambo ya barabara, limelokiwa, halina mtu, likakonyeza taa na kulia twi, twi. Edson akarudisha betri, akasukuma rimoti upande wa pili wa meza.

"Kaka," alisema, "mimi natengeneza vitu vinavyobonyezwa na watu. Hicho kapeleke kwingine."

Jumamosi Gwalugano alikuwa nyumbani. Saa saba ikafika, ikapita, na gari halikulia. Unaweza kudhani alifurahi. Yeye mwenyewe alisema baadaye kwamba kimya kile ndicho kilichomtoa kwenye kochi, kwa sababu uani pia kulikuwa kimya, na Ikupa alipaswa kuwa anaruka kamba uani. Akatoka. Kamba ilikuwa chini kando ya gari, na mtoto alikuwa ndani, vioo vimepandishwa mpaka juu, jua linachoma bati, nywele zimemlowa jasho, midomo inachezacheza, uso ameuelekeza kwenye kile kiti cha kushoto, na harufu ya chumvi iliyoungua ilikuwa imetapakaa ua mzima kiasi kwamba Nesta naye alitoka jikoni mbio akidhani ameunguza mboga.

Gwalugano akachomeka ufunguo mlangoni, akauzungusha, loki ikapanda, na kabla hajavuta kitasa ikashuka tena kwa nguvu. Akarudia, ikashuka. Akazunguka mlango wa pili, wa tatu, wa nne, na kila alipofungua kilisikika kidole kinafunga kwa ndani, taratibu, bila haraka yoyote, wakati Ikupa alikuwa amekunja mikono yake yote miwili kifuani. Akaokota tofali avunje kioo. Nesta akamdaka mkono, maana mtoto alikuwa amejongea upande wa kushoto, akalaza kichwa chake hewani, pasipo na kitu, na kichwa kikakaa pale, kimeegemea. Tofali lingepita hapohapo.

Ikabaki rimoti, na rimoti ilikuwa na kizibo alichokibandikisha mwenyewe. Alikivuta kwa kucha hakikutoka, akakigonga kwenye ukuta hakikutoka, akakitia mdomoni akakiuma na kukinyonga, mdomo ukachanika na damu ikamchuruzika kidevuni, mpaka kikang'oka na kipande cha plastiki, akabonyeza kitufe kwa kidole gumba chenye damu. Twi, twi. Mlango wa kushoto ukafunguka wenyewe mpaka mwisho. Nesta akajitupa ndani, akamkokota mwanawe nje.

Ikupa hakulia. Alimkazia macho baba yake, amechukia kabisa.

"Anabonyeza yeye, baba. Kila siku anakuomba umrudishe kwao, na wewe unambania."

Jumapili wazee wa kanisa walikuja kuliombea gari, wakaweka mikono juu ya boneti, wakaimba mpaka sauti zikawakauka. Jumatatu saa saba likalia. Ndipo Gwalugano, ubishi umemwisha, akampigia Roda, akaeleza yote, akaomba msamaha kwa namna ambayo hata mkewe hakuwahi kumsikia. Roda hakumsimanga. Alisema jini la chumvi huwa linatoka saa ileile liliyoingia na mahali lilipoingilia, si pengine, hivyo wampelekee gari, na mtoto waje naye, kwa sababu limeshamzoea, na ni lazima lione kwa macho yake kwamba mtoto anabaki na watu wake.

Walitoka Tunduma alfajiri ya Jumanne. Nesta alikaa mbele amempakata Ikupa, na kwa saa zote zile za mashimo na vumbi hakuna aliyetazama nyuma, ingawa kwenye kila kona walisikia kiti kile kikinesa kama kinavyonesa mtu akijiweka sawa.

Ivuna vyungu vilikuwa vimeshapinduliwa. Roda akaamuru milango yote iachwe wazi, na buti, na boneti, na vioo vishushwe. Akawasimamisha hatua ishirini kutoka kwenye gari, wamelipa mgongo, yeye mwenyewe kalipa mgongo.

"Mama Ikupa," alisema, "mkono wa mtoto usiuachie mpaka niseme. Hili halipendi kuondoka mikono mitupu."

Nesta akaubana mkono wa mwanawe mpaka ukawa na joto. Jua likasimama. Kwanza ikaja harufu, halafu upepo, upepo wa chini unaotambaa ardhini na kuinua vumbi la chumvi, ukawapita miguuni ukarudi, ukawapita ukarudi, ukaanza kuzunguka, na ndani yake kukasikika mlango mmoja wa gari unajipiga, kisha wa pili, kisha wa tatu, na vumbi likapanda mpaka usoni, likaingia machoni, likawachoma hata Gwalugano akapiga kelele, na Nesta, aliyekuwa anaomba kwa Kindali na kwa Kiswahili kwa wakati mmoja, macho yakimwaka moto na hajui tena kama yuko wima au kaanguka, akauachia ule mkono ili ajipanguse. Muda wa kujipangusa tu. Mlango wa nne ukajipiga, upepo ukakatika.

"Limetoka," Roda alisema. "Pandeni muondoke sasa hivi. Mimi sigeuki mpaka nisikie mmeishia."

Walipogeuka, Ikupa alikuwa ameshakaa kwenye gari, kiti cha nyuma, ametulia, mikono magotini. Nesta alicheka na kulia kwa pamoja. Akapapasa kile kiti cha kushoto: kikavu, hakina doa, hakina harufu. Akakaa hapohapo, akamlaza mwanawe mapajani, na Gwalugano akaondoa gari bila hata kuaga.

Njia nzima walikuwa watu wengine kabisa. Gwalugano aliongea bila kupumua, akaahidi kuliuza gari wiki hiyohiyo, akaahidi sadaka. Nesta alipitisha vidole kwenye nywele za mtoto, polepole, kutoka utosini mpaka shingoni, akashukuru jinsi alivyolala vizuri, hakuomba maji wala kuuliza watafika lini.

Simu haikuwa na mtandao mpaka walipokaribia Chitete. Hapo ikaanza kuingiza ujumbe mfululizo pale kwenye dashibodi: amepigiwa mara kumi na moja, zote ni Roda. Kabla Gwalugano hajapunguza mwendo ikaita tena. Akaweka sauti ya nje.

"Baba Ikupa, ninyi ni watu gani?" Roda alikuwa anahema. "Mmeondokaje mkamwacha mtoto? Tumemkuta nyuma ya majiko, kajificha vumbi, anawalilia tangu mchana. Huyu hapa, ongea naye."

Ikaja sauti ndogo, iliyokwaruzwa na kilio, ambayo baba hawezi kuichanganya na nyingine. "Baba, rudini. Nipo kwa bibi."

Gari lilisimama katikati ya barabara. Gwalugano akainua macho kwenye kioo cha ndani. Nesta alikuwa ameketi wima, uso umemkauka, hathubutu kutazama chini, na mkono wake ulikuwa umeganda kati ya utosi na shingo, vidole vimo ndani ya nywele.

Kile kilicholala mapajani pake hakikufumbua macho.

"Mama," kikasema taratibu, "mbona umeacha? Endelea."