Shokapu Iliyovuja Mara Tatu

Kila asubuhi Nandin alianza na ndama. Aliwafungua wakanyonye kidogo, akawarudisha kwenye kamba huku wakimburura, kisha mama yake akaketi kukamua. Chai ya maziwa ilipochemka, mama yake, Dulam, alitoka nje ya hema na upawa wa kwanza, akairusha chai kuelekea mbinguni huku midomo yake ikiomba. Tangu afiwe na mumewe, hakuruka hata siku moja.

Baada ya hapo Nandin aliikagua pikipiki. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi hiyo hakumwachia mtu.

"Mama! Inavuja tena!"

Mguu wa kulia wa shokapu ya mbele ulikuwa na pete ya mafuta meusi. Yalikuwa yameteremka mpaka kwenye sahani ya breki.

"Sili ya kuzuia mafuta tumebadilisha mara ngapi?" mama aliuliza.

"Mara mbili, na zote kwa Mzee Luvsan. Anatuuzia takataka, na leo nitamwambia."

"Utamwambia kwa adabu."

"Nitamwambia."

Keshokutwa mama alitakiwa kuvuka mlima kuwatafuta farasi wao kumi na wanane kabla theluji haijafunga njia. Farasi hao ndio mali waliyoachiwa na baba. Kuuteremka mlima ule kwa breki iliyolowa mafuta kulikuwa kutafuta kifo.

Kabla ya kuondoka, Nandin alizivua soksi za shokapu. Alizishona mwenyewe kwa sufu nene na uzi mwekundu, kila moja na mikunjo mitatu ili ijikunje shokapu inapobonyea, na vumbi la jangwa la Gobi lisiguse chuma. Walipokwenda kwa fundi alizitia ndani ya joho lake, kifuani, zisichafuke kwa grisi.

Karakana ya Mzee Luvsan ilikuwa kontena kuukuu nyuma ya shule. Mjukuu wake Tuul, aliyesoma darasa moja na Nandin, alikuwa ameketi juu ya tairi akitafuna jibini kavu.

"Bosi wa pikipiki kaja," Tuul alisema. "Leo umeharibu nini?"

"Muulize babu yako anauza nini."

Mzee Luvsan aliinua kichwa. "Mwezi huu nimefunga sili tisa. Inayorudi ni yenu tu."

"Basi hao wengine wamenyamaza. Mimi sinyamazi. Unauza takataka."

"Nandin!" mama alikemea.

"Mwache alalamike hapa hapa. Afadhali hapa kuliko kunitangaza sokoni."

Mzee alifungua shokapu, akamwaga mafuta, akavipanga vipande juu ya gunia safi. Akaanza na bushi, mkanda wa chuma ambamo bomba la shokapu huteleza. "Hii bado ina rangi ya kijivu. Ingeonyesha shaba, ningesema imekwisha." Kisha akaliviringisha bomba la kromu juu ya kioo, akichungulia kama mwanga unapenya chini yake. "Halijapinda. Haya, tazama mdomo wa sili. Umekatwakatwa. Sili haijikati yenyewe."

"Ilitoka kiwandani hivyo."

"Mbili mfululizo? Leta kucha yako. Ipitishe juu ya kromu, polepole. Macho yatadanganywa na mng'aro."

Karibu na kichwa cha bomba, kucha ilikwama mara kadhaa. Mzee akatikisa kichwa. "Alama hizo hazina neno. Unaona mstari huu wa mafuta na vumbi? Sili haipandi zaidi ya hapo. Shuka chini."

Chini ya mstari kucha ilikwama tena, na tena. Vilikuwa vishimo vya kutu, vidogo kuliko mbegu za ulezi, vimejipanga kama pete tatu.

"Ni mawe ya njiani," Nandin alisema haraka.

"Mawe gani yanapiga kwa pete?" Tuul alicheka.

"Nyamaza wewe!"

Lakini mkono wake ulizigusa soksi kifuani. Pete tatu. Mikunjo mitatu.

"Kuna kitu kimeshika unyevu hapa," alisema mzee. "Pikipiki inalala wapi?"

"Inalala pakavu," mama alijibu. Soksi hakuzifikiria kabisa. "Mzee Luvsan, huyu mtoto ni mbishi lakini si mwongo. Akisema sili zako mbovu, namwamini. Ifunge tu, tutatafuta fundi mwingine."

Mzee aliinamisha macho, akachukua spana. "Miaka thelathini," alisema taratibu, "sijamuuzia mtu takataka."

Nandin aliziona soksi zimetuna chini ya joho lake. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Na mama atavuka mlima na bomba hilohilo.

"Usifunge!" Alizichomoa, akazitupa juu ya meza. "Ni mimi. Nilizishona mimi. Zikamueni muone!"

Tuul alikamua moja. Yakatoka maji ya kahawia, na mchanga.

"Zinakinga vumbi siku mbili tatu," Mzee Luvsan alisema. "Halafu zinalishika vumbi hilo pamoja na theluji, na kulikandamiza kwenye kromu."

"Sawa, nimekosea. Lakini mama havuki mlima na bomba hili, na mimi siondoki hapa mpaka lipatikane jingine!"

"Kakosea na bado anaamrisha!" Tuul alisema.

Mzee alichakura kwenye pipa, akaleta mabomba mawili yaliyotumika. Moja liling'aa kama kioo. La pili lilikuwa limefifia, lina kutu kichwani. "Chagua. Sisi tunanyamaza."

"Chukua linalong'aa," Tuul alimchokoza. "Si unapenda urembo?"

Nandin aliliviringisha linalong'aa juu ya kioo. Mwanga ulipenya chini yake, ukatoweka, ukapenya tena. Limepinda. Lile lililofifia halikupitisha mwanga. Akalilaza kando ya bomba bovu, akapima mwisho wa safari ya sili, akaweka alama, akapitisha kucha kuzunguka kote. Iliteleza. Ilikwama juu ya alama tu.

"Hili."

"Lina kutu," Tuul alisema.

"Kutu iko juu, sili haifiki. Nimesema hili!"

Mzee alilifunga kwa sili mpya na mafuta mapya, akaisafisha sahani ya breki na kubadilisha pedi zake zilizolowa mafuta. Mama aliibonyeza shokapu mara ishirini, akapitisha kidole. Pakavu. Akapanda kwa pikipiki kilima cha hekalu kilichokuwa jirani, akateremka, akashika breki. Pikipiki ikasimama.

"Mzee, nisamehe," Nandin alisema. "Nilikuita muuza takataka na takataka ilikuwa yangu."

"Na mimi nisamehe," mama aliongeza. "Lakini Nandin, majirani wawili uliwashonea soksi kama hizi."

"Nitazikata leo, wapende wasipende."

Mzee Luvsan alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Ubishi wako usiuache, utakufaa maishani. Ila leo ulikagua kazi ya kila mtu, ukaisahau yako. Anza na yako kila mara. Ukiikuta safi, njoo unibishie mpaka kontena litetemeke."

"Nitakuja," alisema Nandin.