Askari Mwenye Nyundo

Rachael alishuka basi la Malindi pale stendi ya Garsen, gauni lake la njano limejaa vumbi, akamkuta kijana kakalia kreti ya soda anamtazama bila haya, penseli mkononi.

"We kaka, unanichora kwa ruhusa ya nani?"

"Simama hivyo hivyo kidogo, nimalize pua."

"Pua yangu ina nini?"

"Haina kosa. Hiyo ndiyo shida."

Rachael akacheka, na kwa kicheko hicho akawa amekwisha. Kijana mwenyewe, Silas, alikuwa mwandika mabango ya maduka kutoka Voi. Kanisa la pale Garsen lilikuwa limempa kazi ya kuchora Njia ya Msalaba ukutani, mateso yote ya Bwana Yesu, na nyuso aliziiba mitaani. Rachael, aliyekuja kuwaona wazazi, aliporudi saluni kwake Malindi, mapenzi yakahamia kwenye simu.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula rangi tu. Wazee wangu wanakuja kukuposa Jumamosi baada ya Pasaka. Baba yako ni mkali?"

"Utamwona mwenyewe."

Maskini Silas, alikuwa ameshamwona. Sokoni alimkuta mzee mmoja akimcharaza punda aliyegoma na mkokoteni, kauma mdomo, macho hayana huruma hata chembe. Akamchora upesi upesi bila kuuliza jina, akampeleka ukutani awe askari anayempigilia Yesu misumari.

Ijumaa Kuu kanisa lilifurika. Walipofika kwenye picha ile, mtu akaropoka, "Huyu si Mzee Buya wa kijiji cha Wema?" Vicheko vikazuka hata sala ikakatika. Mzee Buya, mzee wa kanisa anayesifiwa kwa upole, aliutazama ukuta, kisha akatoka. Mkewe akamfuata kainamisha kichwa. Binti yao Rachael akabaki amesimama, leso ya kichwani inamteleza, asijali.

Silas alipiga simu mpaka akachoka. Jumatatu Rachael akaja mwenyewe kanisani, akamkuta na kopo la rangi nyeupe.

"Namfuta, mpenzi. Padri amekubali. Nitampigia baba magoti. Haki ya Mungu, sikujua!"

"Usimfute."

"Lakini watu wanamcheka!"

"Mama hakucheka. Silas, huo ndio uso tunaoujua sisi nyumbani. Tulisema, hakuna aliyetuamini. Ukimfuta, atasema hakuwa yeye."

Silas akaweka kopo chini.

"Basi tuondoke. Twende na mama."

"Nimemlilia, hataki kuondoka. Na baba ameapa, wazee wako wakikanyaga pale, mama atakiona. Nimeacha kazi Malindi. Nitalala chumba kimoja na mama, nimlinde, basi."

"Na mimi je?"

"Nakupenda. Sijui nikufanyie nini."

Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakujisumbua kuyafuta. Alimshika Silas mkono, akaubana kwa nguvu, akauachia. Silas akamsindikiza kwa macho mpaka gauni likapotea nyuma ya maduka.

Akampigia mjomba wake Voi.

"Msije, mjomba."

"Kulikoni? Msichana kakataa?"

"Hapana," Silas akasema. "Hakukataa."