Mtaro wa Chapchap

Mkulima mmoja wa mboga majirani walimwita Chapchap. Alikula chapchap, alilima chapchap. Hata ndevu alinyoa chapchap, ndiyo maana kidevu chake hakikukosa alama za wembe.

Mke wake hakuwa na papara, ila miguu yake haikupumzika. Kila asubuhi alishuka bondeni kuteka maji ya kijito. Ng'ombe nao walikunywa humo humo. Kuni zikiwepo, aliyachemsha. Zikikosekana, waliyanywa hivyo hivyo. Binti yao mdogo akaharisha. Akapona, akaharisha tena. Mara ya mwisho alilegea mpaka mama yake akalia mbele ya muuguzi.

Ndipo zikaja habari njema. Shirika moja la msaada lilileta mabomba ya kushusha maji safi kutoka chemchemi ya mlimani. Yalinunuliwa kwa michango ya watu wa mbali. Kazi ya wanakijiji ilikuwa kuchimba mtaro, kila familia na kipande chake.

Chapchap alimaliza wa kwanza. Akasimama pembeni, akaanza kuwatania wenzake.

"Jamani, mnachimba mtaro au kaburi la tembo?"

Fundi bomba akaja kukagua. Alikuwa mama mwenye sauti nzito, asiyependa mchezo kazini. Akaingia mtaroni. Mitaro ya wengine ilimfika mapajani. Wa Chapchap ulimfika vifundoni.

"Baba, huu mtaro, au mahali pa kumwaga maji ya vyombo?"

"Ah, mama fundi! Tukishafukia, nani ataona?"

"Jembe litaona."

Akachukua kipande cha bomba kilichobaki, akakilaza mtaroni, akakifukia.

"Haya, lima hapo kama unavyolima siku zote."

Chapchap akainua jembe, akalishusha kwa nguvu. Kwa! Akafukua haraka. Bomba lilikuwa limepasuka.

"Umeona?" fundi alisema. "Hapo maji yatavuja. Yakifungwa huko juu, matope yataingia kwenye ufa. Watu wa chini watakunywa uchafu wakidhani ni maji safi. Chini ya hapa anakaa nani?"

"Mama yangu," mke wa Chapchap alijibu.

Watu wakaangua kicheko. Kumnywesha mama mkwe matope! Chapchap akajikuna kidevu.

Mkewe hakucheka. "Mume wangu, mtoto wetu nusura tumpoteze. Mengine yote fanya chapchap. Hili hapana."

"Na aliyenunua bomba hili hata hakujui," fundi aliongeza. "Alijinyima ili mwanao apate maji. Yeye amemaliza sehemu yake. Bado wewe."

Aibu ilimshika kwelikweli. Akavua shati, akarudi mtaroni. Alipofika kwenye goti akakuta jiwe kubwa. Safari hii hakulikwepa. Alilichokonoa kwa mtaimbo mpaka likang'oka.

"Sasa toa mawe madogo yote," fundi alielekeza. "Tandika mchanga chini, ili bomba lisikwaruzwe."

Majirani waliomaliza walipita wakichungulia. "Chapchap, tembo wako anaenea?"

"Anaenea na mkewe!" alijibu huku jasho likimtiririka.

Mabomba yakalazwa, mtaro ukafukiwa. Siku maji yalipofunguliwa, mke wa Chapchap aliosha ndoo kwanza, kama fundi alivyomfundisha. Akakinga, akafunika kwa mfuniko. Mama mkwe naye akapiga kelele kutoka chini, "Yamefika huku! Meupe kabisa!"

Mvua zikaja, wakati wa kulima ukafika. Chapchap alilima juu ya mtaro ule kwa kasi yake ya kawaida. Jembe lilizama, likatoka na udongo mtupu. Bomba lilikuwa mbali chini, salama.

Binti yake akaja akikimbia, mashavu yamejaa. Tangu maji yafike hakuwa ameugua tumbo. Mkononi alishika kikombe kilichojaa maji ya bomba.

"Baba, kunywa."

Chapchap akaweka jembe chini. Akayanywa polepole, mpaka tone la mwisho.