Tangi la Pili

Kila asubuhi kabla ya safari, dereva mmoja wa lori hupima dizeli kwa kijiti. Lori lake lina matangi mawili, moja kila upande. Yameunganishwa kwa bomba chini, kwa hiyo dizeli husimama sawa pande zote. Yeye hutumbukiza kijiti kwenye tangi la kulia, anatazama kilipolowa, basi. La kushoto hahangaiki nalo. Madereva wenzake wakampachika jina: Kijiti.

Jioni moja alirudi nyumbani baada ya siku kumi na nne barabarani. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa akishona vifungo vya sare za shule. Alikuwa na mimba ya miezi minne.

"Kliniki walisemaje?" Kijiti aliuliza kabla ya kuvua viatu.

"Mtoto anakua vizuri. Wamenipima na VVU. Sina."

Kijiti akaketi, akanyoosha miguu. "Basi tumepona. Kama wewe huna, mimi nitoe wapi?"

"Sista wa kliniki anataka na wewe ukapimwe."

"Nikafanye nini? Damu yako imeshanijibia."

Mkewe akakata uzi kwa meno. "Damu yangu imejijibia yenyewe."

"Mama, mimi na wewe si kitu kimoja?"

"Mbona nikitapika asubuhi hutapiki na mimi?"

Kijiti akacheka. Mkewe hakucheka.

"Baba watoto, mwaka jana lori lilikulaza njiani siku mbili. Kwa nini?"

"Liliishiwa dizeli."

"Na kijiti kilikuwa kimesemaje?"

Kijiti akakuna kichwa. "Tangi la kulia lilikuwa limejaa. Lakini fundi alifunga koki ya lile bomba, akasahau kuifungua. La kushoto, ambalo injini inavuta, lilikuwa kavu."

"Ungepima yote mawili?"

"Ningejua."

Mkewe akaweka shati kando. "Sikuulizi leo ulilala wapi. Siku yake ipo, na utanijibu. Leo nina mtoto tumboni. Sista amesema nikiambukizwa sasa, mtoto anaweza kupata virusi tumboni, wakati wa kuzaliwa, au kwa kunyonya."

Kijiti akainama kuvua viatu. Alijua alikolala.

Asubuhi walikwenda. Kituo cha afya cha madereva ni kontena la bluu nyuma ya yadi ya malori. Mlangoni Kijiti akasita.

"Wenzangu wataniona."

"Wakikuona watakusalimia," mkewe akasema. "Ingia."

Sista wa hapo aliisoma kadi ya kliniki ya mkewe, akamtoboa Kijiti kidole, akadondosha damu kwenye kipimo. Wakasubiri. Kisha akarudia kwa kipimo cha aina nyingine, na kingine tena.

"Majibu nikupe peke yako?" aliuliza.

"Abaki. Yeye ndiye kanileta."

"Vipimo vyote vimekubaliana. Una VVU."

Kijiti alitazama sakafu, halafu tumbo la mkewe. "Nimemharibia mtoto."

"Bado, shemeji," sista akasema. "Mkeo amepimwa wiki hii, hana. Kazi yetu ni abaki hivyo."

"Imekuwaje mimi ninavyo na yeye hana?"

"Virusi havipiti kila mara watu wanapokutana kimwili. Lakini kila mara ni hatari. Ndiyo maana majibu ya mke si majibu ya mume. Wewe unaanza dawa leo. Kidonge kila siku, saa ileile. Hakiponyi, lakini kinavifubaza virusi. Mkeo naye nitampa dawa za kumkinga. Ni salama kwa mjamzito. Na mtatumia kondomu kila mara. Tutampima tena na tena, mpaka aache kunyonyesha."

"Dawa nitakunywa mpaka lini?"

"Maisha yako yote. Wewe umewahi kuweka dizeli mara moja ukasema inatosha?"

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Kijiti akatabasamu kidogo. "Na nikiwa safarini?"

"Utabeba za kukutosha. Ila usiziweke mbele karibu na kioo cha lori, jua litaziharibu. Ukizinywa vizuri, baada ya miezi sita tutapima wingi wa virusi. Vikiwa vichache mpaka kipimo hakivioni, na vikabaki hivyo, hutamwambukiza mkeo mnapokutana."

Njiani mkewe alitembea mbele. Walipofika nyumbani akasema, "Nimekasirika. Nitakasirika muda mrefu. Lakini umekwenda." Kisha akampa maji anywe kidonge cha kwanza.

Miezi ilipita. Kijiti alitegesha simu yake ilie saa mbili usiku, akawa anaegesha lori kando na kumeza dawa. Mtoto alizaliwa, msichana, mwenye sauti kama honi. Siku hiyo mama alipimwa tena. Hana. Baada ya mwezi, Kijiti naye akapata majibu yake: virusi havionekani kwenye kipimo. Mkewe aliisoma karatasi mara mbili, akaikunja, akaiweka kwenye droo ya cherehani. Usiku huo alimpisha tena kitandani upande wake wa zamani.

Juzi yadini, Kijiti alikuwa akipima dizeli. Siku hizi anapima tangi la kulia, anazunguka, anapima na la kushoto. Dereva mwenzake alisimama karibu akijisifu.

"Mke wangu kapimwa kliniki, hana chochote. Mimi niko salama."

Kijiti alifuta kijiti kwa kitambaa. "Hilo ni tangi la mkeo, ndugu yangu. Lako umelipima lini?"

Kijiti akamwonyesha kontena la bluu.

"Twende. Nitakusubiri nje."